Juu Maji Machachu, Chini Maji ya Magadi

Mji wa Sumbawanga umekaa kati ya maziwa mawili ambayo samaki wake hawajapata kuonja maji machachu. Ukishika njia ya Matai hadi Kasanga unalifikia Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ya juu yana pH inayocheza kati ya 8.5 na 9. Ukielekea upande wa pili na kuteremka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze au Mtowisa, unakutana na Ziwa Rukwa. Hilo halina mto unaotoka. Chumvi yote inayoletwa na vijito hubaki humo humo, jua linachukua maji peke yake, na kinachosalia ni ziwa la magadi.

Juu, katikati ya hayo mawili, kuna uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na huko mambo ni kinyume. Miamba yake ni ya kale, naisi na graniti, isiyo na mawe ya chokaa ya kutajika. Udongo wake umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno, ukapoteza kalisi na magnesi, ukabaki na chuma, alumini na tindikali. Maji ya vijito vinavyotoka upande wa milima ya Mbizi ni matamu kunywa na yanatoa povu la sabuni haraka, dalili kwamba yamebeba madini kidogo. Mwanamke anayefua atayasifu. Perege hatayasifu.

Kwa hiyo mtu wa kata ya Kasense, ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, anayefikiria kuchimba bwawa la samaki, anakabiliwa na swali ambalo mwenzake wa Kipili au Ilemba hana haja ya kuliuliza: maji yangu yana uchachu kiasi gani, na uchachu huo unatoka wapi? Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye uzito. Wengi wanaishia kwenye ya kwanza, wanakimbilia mfuko wa chokaa, kisha wanashangaa mbona samaki wamekufa na pH ni nzuri.

Zamani suala hili lingekuwa la wataalamu tu. Migebuka na dagaa walipanda mlima kutoka Kasanga na Kipili, na anayetaka samaki alikwenda sokoni. Lakini mwaka 2024 Tanzania ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka ziwa hilo: Burundi, Kongo na Zambia. Kipindi kama hicho ndicho kinachomfanya mtu atazame bonde lililo nyuma ya nyumba yake kwa jicho jingine.

Ufugaji wa perege katika mabwawa si jambo la jana nchini. Majaribio ya mwanzo yalifanyika mwaka 1949, Korogwe mkoani Tanga na Malya mkoani Mwanza. Mabwawa mengi yalichimbwa baadaye, na mengi yaliachwa yakaota magugu. Ushauri anaopewa mfugaji hadi leo huanza na vifaranga na chakula, ukamalizia na soko. Maji yanatajwa kama kitu kinachopatikana au kisichopatikana, kana kwamba maji yote ni mamoja.

Kipimo cha pH chenyewe kilitoka kwenye pombe. Mwaka 1909, mkemia wa Denmark aitwaye Søren Sørensen, aliyekuwa akiongoza idara ya kemia katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alitafuta njia fupi ya kuandika kiasi cha tindikali katika kimiminika, maana vimeng'enya alivyokuwa akivichunguza vilibadilika tabia kwa tofauti ndogo tu ya uchachu. Akaweka ngazi ambayo 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni alikali. Wanaopika pombe ya ulezi walijua ulimi unachosema kuhusu jambo hilo karne nyingi kabla yake, ila ulimi hauandiki namba. Na namba hizo zina mtego: kila ngazi moja ni mara kumi. Maji yenye pH 6 yana uchachu mara kumi ya yale yenye pH 7, na yenye pH 5 mara mia. Mtu anaposema pH imeshuka kutoka 7 hadi 5 anaeleza jambo kubwa kuliko linavyosikika.

Samaki wengi wa kufugwa wanastawi kati ya 6.5 na 9. Chini ya hapo hawafi mara moja. Wanapunguza kula, wanakua taratibu, hawatagi. Wakifikia 5 na chini yake, matamvua yanatoa ute mwingi, na alumini iliyokuwa imelala kwenye udongo inayeyuka na kuyashambulia matamvua hayo hayo. Kwenye 4 samaki wengi wanakufa. Mara nyingi bwawa chachu linatambulika hata kabla ya kupimwa: maji yake ni maangavu, unaona sakafu, na mgeni atakupongeza kwa usafi. Uangavu huo maana yake hakuna vijimea vya kijani vya kulisha chochote, kwa kuwa fosforasi ya mbolea uliyotia imekamatwa na matope yenye tindikali. Mkulima wa mahindi na maharage wa Ufipa anaujua wizi huo vizuri, ameuona shambani.

Lakini pH ni matokeo tu. Nyuma yake kuna kitu kinachoitwa alkaliniti, yaani akiba ya bikaboneti na kaboneti iliyomo majini, inayomeza tindikali kila inapoingia. Fikiria kaya mbili, moja yenye ghala la mahindi na nyingine inayonunua unga kibaba kwa kibaba. Siku ya kawaida zote zinapika ugali na huwezi kuzitofautisha kwa kutazama sufuria. Ni siku ya ugeni mkubwa ndipo moja inapoaibika. Mabwawa mawili yanaweza kuonyesha pH 7 saa nne asubuhi, moja likiwa na ghala na jingine halina kitu.

Akiba hiyo hupimwa kwa miligramu za kalisi kaboneti katika lita moja. Bwawa lenye chini ya 20 linahesabiwa kuwa halina uwezo. 40 kwenda juu ni afadhali. Maji ya bahari yana takriban 115. Ziwa Tanganyika, ambalo kila mtu analiita la maji baridi na watu wanalinywa, lina zaidi ya 300. Ziwa letu hili lina uwezo wa kumeza tindikali zaidi ya mara mbili ya Bahari ya Hindi! Sehemu kubwa ya chumvi zake inaletwa na Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, ambako milima ya volkano imeyatajirisha maji.

Hapa niruhusiwe kupita pembeni kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi wa Uingereza J. E. S. Moore alifika Tanganyika mara mbili, akakuta konokono wenye magamba mazito yenye miiba kama wa pwani, na konyeza wadogo wanaoelea, viumbe ambao maji ya bara hayakutarajiwa kuwa nao. Mwaka 1903 alitoa kitabu akidai kwamba ziwa hilo lilikuwa tawi la bahari ya kale lililokatwa. Alikosea. Ziwa limejifanya lenyewe katika ufa wa bara, kwa mamilioni ya miaka, bila kuunganika na bahari. Maji magumu yenye bikaboneti nyingi yanamsaidia konokono kujenga nyumba nene kiasi hicho. Samaki wa ziwa hilo wanaopelekwa Ulaya na Marekani kufugwa kwa urembo huweza kufa wakitiwa maji laini ya bomba yasiyorekebishwa, na wafugaji wa huko wananunua chumvi za bikaboneti ili kuyafanya maji yao yafanane na ya Kipili. Wanaishi mbali mno na Rukwa, lakini shida yao na ya Kasense ni ndugu.

Twende sasa kwenye maji ya chumvi, kwa kuwa huko ndiko watu walikochunguza kushuka kwa pH kwa undani kuliko mahali pengine popote. Tangi la kioo la samaki wa baharini linatakiwa kukaa kwenye 8.1 hadi 8.4. Mara nyingi mwenyewe anapima asubuhi na kukuta 7.8 au 7.7. Anatia dawa ya kupandisha, inapanda, kesho imeshuka tena. Anaongeza. Baada ya wiki mbili alkaliniti yake imepita kiasi, kalisi imeganda kwenye pampu na kwenye kioo kama ukoga mweupe, na pH bado ni 7.8.

Kosa lake ni kutibu ghala wakati ghala limejaa. Kilichoishusha pH yake ni hewa ukaa. Samaki wanapumua, bakteria wanapumua, watu waliolala sebuleni wanapumua, mpishi amewasha gesi, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi au baridi. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za hewa ukaa katika milioni. Chumba kilichofungwa chenye watu hufika 1,000 bila shida. Hewa ukaa ikiingia majini inakuwa tindikali ya kaboni, na kila inapoongezeka maradufu pH hushuka kwa 0.3 hivi, hata kama akiba haijaguswa. Kutoka 420 hadi 1,000 ni zaidi ya maradufu. Ndiyo ile 8.2 yake imekuwa 7.8. Dawa ya tatizo hilo ni kufungua dirisha. Au kuvuta hewa ya nje kwa bomba hadi kwenye pampu ya mapovu. Haiuzwi dukani, labda ndiyo maana haitangazwi.

Kuna jaribio la kutenganisha sababu hizi mbili ambalo ningependa kila mfugaji alijue, wa chumvi na wa maji baridi. Chota maji ya tangi, pima pH. Yapeleke nje, yatie mapovu kwa saa moja au zaidi kwa pampu ndogo, au yamimine kutoka ndoo hadi ndoo mara nyingi kama mtu anayepooza chai, kisha pima tena. Ikiwa pH imepanda waziwazi, mhalifu ni hewa ukaa iliyokuwa imejazana. Rudia jaribio hilo hilo kwa hewa ya ndani ya chumba: ikipanda, chumba hakina kosa, ila tangi halipati mapovu ya kutosha, isipopanda, chumba chenyewe ndicho kilichojaa. Na kama hata nje haikupanda, basi akiba imeisha, na hapo ndipo uanze kuzungumza habari ya chokaa na bikaboneti.

Akiba ya tangi inaliwa na nini? Na chakula, hasa. Bakteria wanaogeuza amonia ya mavi ya samaki kuwa nitrati wanazalisha tindikali wakifanya hivyo. Kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia inakula takriban gramu 7 za kalisi kaboneti. Kilo moja ya chakula chenye protini ya asilimia 30 na kitu huacha kama gramu 30 za naitrojeni hiyo, kwa hiyo zaidi ya gramu 200 za akiba zinapotea kwa kila kilo unayowarushia samaki. Katika bwawa la udongo sehemu ya hasara hiyo inarudi, maana matope na mimea vina njia zao. Katika tangi la plastiki lenye chujio, kama yale ya kambale yanayowekwa nyuma ya nyumba mijini, hairudi. Mfugaji wa tangi la lita 1,000 anayetaka kurudisha miligramu 50 kwa lita anahitaji gramu 84 za bikaboneti ya sodiamu, ile ile inayoumua maandazi. Ni salama hata samaki wakiwa ndani, mradi itiwe kidogo kidogo. Magadi ya kupikia maharage yanafanya kazi ya jamii hiyo hiyo lakini ni makali zaidi, yanapandisha pH kwa ghafla, na uchafu wake haujulikani. Nisingeyatia.

Wafugaji wa tangi la chumvi wana mbinu nyingine nzuri: maji ya chokaa. Chokaa iliyozimwa huyeyuka kidogo sana, kama gramu moja na nusu kwa lita, na maji yake yanafika pH 12. Ukiyadondosha tone kwa tone usiku, badala ya maji yaliyokauka kwa joto, yanaikamata hewa ukaa na kuigeuza kuwa bikaboneti, na wakati huo huo yanaleta kalisi. Ukiyamwaga kwa pupa unaua kila kitu. Na yeyote mwenye ndoto ya kuweka samaki wa matumbawe sebuleni Sumbawanga, ajue kwamba chumvi ya mezani haitamfikisha: karibu yote ni sodiamu kloridi, haina magnesi, kalisi wala bikaboneti ya bahari. Atahitaji kununua chumvi iliyochanganywa kwa kazi hiyo, gramu 35 hivi kwa kila lita.

Zanzibar ndiko tatizo la maji ya chumvi lilipotoka kwenye vioo na kuingia katika mabwawa ya kweli. Kule Makoba, Unguja, watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumia mabwawa ya udongo yanayojazwa na bahari maji yanapojaa na kutolewa maji yanapokupwa. Dk. Flower Msuya na Amir Neori walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kuotesha mwani katika maji yanayotoka kwenye mabwawa hayo ya samaki. Mwani ulinyonya amonia, ukaongeza oksijeni, na ukaipandisha pH ya maji yaliyokuwa yamechoka. Hakuna muujiza: mmea wa kijani mchana unakula hewa ukaa, na hewa ukaa ikiondoka tindikali yake inaondoka. Wafugaji wa matangi ya kioo wanafanya vivyo hivyo kwa kuwasha taa juu ya mwani usiku, wakati tangi kubwa limelala, ili pH isizame kabla ya alfajiri.

Pwani ina uchachu mwingine mbaya zaidi, wa matope ya mikoko. Matope hayo yana madini ya chuma na salfa ambayo yakiwa chini ya maji hayana neno. Ukiyachimbua ili kutengeneza bwawa la mwatiko, yakakauka na kupata hewa, salfa inageuka kuwa asidi ya salfa yenyewe, pH inashuka chini ya 4, na juu ya maji kunatanda utando wa rangi ya kutu. Hapo mapovu hayasaidii. Kinachofanyika ni kulijaza bwawa maji ya bahari, kuyaacha, kuyatoa, kulikausha na kurudia, bahari ikilipia deni hilo kwa akiba yake kila maji yanapojaa. Kasense haina bamvua wala maji kupwa. Deni lake linalipwa kwa mfuko.

Kabla ya kuacha pwani, kuna jambo la matumbawe na magamba. Wengi huweka kokoto za matumbawe katika tangi la chumvi wakiamini zitailinda pH. Hazifanyi kazi kubwa. Mawe ya kaboneti hayayeyuki katika maji yenye pH 8 na kitu. Yanaanza kukubali pale maji yanaposhuka chini ya 7.8 au 7.7, na hata hapo ni polepole. Lakini mawe yale yale ukiyapandisha Ufipa, kwenye maji ya pH 6, yanayeyuka vizuri, yanatoa kalisi na bikaboneti, na yanaacha yenyewe maji yanapotosheka. Gunia la magamba ya konokono au chaza yaliyopondwa, likiwekwa pale maji yanapoingilia tangini, linaweza kumfaa mtu wa Kasense kuliko linavyomfaa mtu wa Mji Mkongwe.

Kwa bwawa zima, hata hivyo, magamba hayatoshi, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo. Uchachu wa bwawa la Ufipa hauko majini. Uko kwenye udongo wa sakafu na wa kuta. Ukitibu maji peke yake, udongo utayageuza tena ndani ya siku chache. Kwa hiyo kinachopimwa kwanza ni udongo: chota kutoka sehemu mbalimbali za sakafu, changanya na maji safi kwa kiasi sawa, koroga, acha utulie, pima maji ya juu. Ukiwa chini ya 5, bwawa linahitaji kama tani 3 za chokaa ya kilimo kwa hekta. Kati ya 5 na 6, tani 2. Juu kidogo ya hapo, tani 1 inatosha. Bwawa la mita 10 kwa 20 ni mita 200 za mraba, kwa hiyo ni kilo 60, 40 au 20. Mfinyanzi mzito unadai zaidi ya kichanga. Chokaa inatandazwa bwawa likiwa tupu, sakafu yote na kuta zake za ndani, na katika bwawa jipya inachanganywa na udongo wa juu kwa jembe.

Kuta zinasahauliwa sana. Mvua za kwanza za Novemba zikipiga kuta zisizo na nyasi, zinateremsha tindikali yote ndani kwa usiku mmoja, na mfugaji anaamka kukuta vifaranga wameelea. Paka chokaa kutani, kisha panda nyasi.

Chokaa nayo si moja. Ya kilimo ni mawe yaliyosagwa tu, kalisi kaboneti. Haina ukali, haiwezi kuipandisha pH kupita karibu 8.3, na ukizidisha umepoteza hela, hukuua samaki. Ya kujengea, iliyochomwa na kuzimwa, inaipeleka pH hadi 11 na zaidi. Hiyo inafaa kuua vimelea katika bwawa tupu. Ikitiwa bwawani samaki wakiwemo inaweza kuwamaliza wote mchana mmoja, tena kwa njia mbili: kwa ukali wake, na kwa kuigeuza amonia isiyo na madhara kuwa ile yenye sumu, maana amonia hubadilika hivyo pH inapopanda. Mifuko ya chokaa hizi mbili inafanana na unga wote ni mweupe. Muulize muuzaji, na kama hajui, tia unga kidogo ndani ya maji ukapime: ikifika 12, hiyo ni ya ukutani. Majivu ya kuni pia yanapunguza uchachu, na jiko la kila nyumba Ufipa linayo, ila kiasi chake hakitabiriki na kinachotosha bwawa zima ni kingi mno. Yaende bustanini. Kuhusu umbali wa kuisafirisha, upande wa Mbeya kule Songwe kuna mawe ya chokaa yaliyoachwa na chemchemi za maji moto. Si lazima mfuko utoke Tanga.

Kuna tabia moja inayoweza kuifuta kazi yote hiyo. Mtu akiwa na kijito karibu, hupenda kuyaacha maji yaingie upande huu na kutokea upande ule mchana na usiku, akiamini samaki wanapenda maji mapya. Kwa trauti wa milimani ni kweli. Kwa perege wa bwawa lililotiwa chokaa na samadi, unaingiza maji machachu na baridi na kuyatoa yale uliyoyalipia. Kama maji ya bwawa yanabadilika yote ndani ya wiki tatu au nne, usinunue chokaa. Kwanza ziba mfereji. Ongeza tu yale yanayokauka na kuvuja.

Na kusema kweli, si kila udumavu wa perege wa Sumbawanga ni wa uchachu. Perege hupunguza kula maji yakiwa chini ya nyuzi 20 na karibu kuacha kabisa yakikaribia 16, na asubuhi za Juni na Julai katika uwanda huu hazina huruma. Mfugaji anayepima pH peke yake atailaumu kwa makosa ya baridi. Kipimajoto ni rahisi kuliko mifuko mitatu ya chokaa, kwa hiyo kianze hicho. Bwawa lisilo na kivuli, lenye kina cha mita moja hivi na maji yasiyokimbia, linapata joto zaidi, na mfereji ule ule uliozibwa kwa ajili ya chokaa unasaidia hapa pia.

Baada ya chokaa, jaza maji, subiri wiki moja au mbili ndipo utie samadi, na usubiri tena maji yageuke kijani. Upimaji wa pH ufanyike mara mbili kwa siku: alfajiri kabla ya jua, na saa tisa au kumi alasiri. Usiku viumbe vyote vinatoa hewa ukaa na pH inashuka; mchana vijimea vinaila na inapanda. Bwawa lenye akiba litatoka 7 na nusu hadi 8 na nusu. Lisilo na akiba linaweza kuruka kutoka 6 hadi 9 na nusu siku hiyo hiyo, na anayepima saa nne asubuhi tu hatajua.

Mwisho ni mfuko wa vifaranga. Kama wametoka ng'ambo ya milima, kwenye maji ya alikali, wakamwagwa moja kwa moja katika bwawa la Kasense, watapata mshtuko hata pH ikiwa inakubalika. Uache mfuko uelee juu ya maji dakika 15 au 20 ili joto lilingane, kisha ongeza maji ya bwawa kikombe kwa kikombe. Usichelewe sana ukishaufungua. Safarini samaki wamejaza mfuko hewa ukaa na amonia. Tindikali ya hewa ukaa ndiyo iliyokuwa ikiifanya amonia isiwadhuru, na hewa ukaa ikishatoka, amonia inaanza kuuma. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, kisha waachie watoke wenyewe, jioni au asubuhi mapema, bwawa likiwa halijapata jua kali.